Kiti cha kuunganisha mwenyewe: mguu mmoja wacheza, kijiti kimoja kimebaki

binti_mkomani

Asalaam alaikum mafundi. Nina viti 4 vya meza ya kulia, vile vinavyokuja kwenye boksi vikiwa vipande vipande. Vimetoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, vikavuka kwa boti mpaka Amu (mjini Lamu), vikaletwa nyumbani kwa mkokoteni. Pembe moja ya boksi iliingia maji kidogo lakini mbao kwa macho ni kavu. Karatasi ya maelezo ni michoro mitupu, haina hata neno moja.

Kila kiti kina fremu ya mgongo (miguu miwili ya nyuma pamoja na egemeo, imeungwa kiwandani), fremu ya mbele (miguu miwili na mbao inayoishika), mbao 2 za kando zenye upapi kwa ndani (kipande cha mbao cha kushikia kikalio), fito 2 za kushika miguu chini, na kikalio cha sponji. Kwenye mfuko mna boliti 4 za milimita 70, boliti 4 za milimita 50, nati 8 za duara zilizotobolewa ubavuni, washa 8 za springi, washa 8 bapa, vijiti 8 vya mbao vya kuchomeka, skurubu 4 za kikalio za milimita 35 na ule ufunguo mdogo wa L.

Kiti cha kwanza nimekimaliza na hali yake ni hii:

Chatikisika, mguu wa mbele wa kulia haugusi chini. Boliti moja ya nyuma iliuma mizunguko miwili ikakwama, nikailazimisha ikakataa katakata. Nimebaki na kijiti 1 na washa bapa 2. Skurubu moja ya kikalio imepotea, lakini hapa nyumbani ninazo za milimita 40, je, zafaa? Na shemeji ashaleta drili ya umeme, asema tutamaliza vyote kwa nusu saa. Nimemzuia mpaka nisikie kwenu.

patasi_kavu

Wa alaikum salaam dada. Umefanya vyema kumzuia. Vile vitatu viwache kwenye boksi, hicho kimoja kifungue chote.

Kutikisika na ile boliti iliyokataa ni ugonjwa mmoja. Inaonekana ulikuwa ukiingiza boliti moja, waikaza mpaka mwisho, ndipo waenda kwa ya pili. Sasa sikiza. Boliti ya M6 ina unene wa milimita 6, lakini tundu lake kwenye mguu hutobolewa kubwa zaidi, kama milimita 7. Upenyo ule umewekwa makusudi ili fremu ipate kujisogeza ijitafutie mahali pake. Ukishakaza ya kwanza kabisa, umeifunga fremu vile vile ilivyolala saa ile, na kama ilikuwa imeinama upande, imeshafungwa ikiwa imeinama. Boliti za mwisho ndizo zitakazoadhibika: tundu la mguu halionani tena na nati iliyo ndani ya mbao, boliti yaingia mshazari, yauma meno mawili yakwama. Na mguu mmoja wabaki hewani.

Kwa hivyo kanuni ya viti hivi vyote, viwe vya bei gani: boliti zote 8 ziingie kwa vidole kwanza, hakuna hata moja inayokazwa mpaka kiti kisimame kwa miguu yake minne.

Namna ya kwenda: tandika blanketi juu ya mkeka, maana rangi ya egemeo huchubuka upesi na nati ikianguka kwenye sakafu ya chokaa hukimbia ikajificha. Laza fremu ya mgongo chali, egemeo likiwa chini. Kabla ya yote, tia nati zote 8 kwenye mbao za kando na vijiti kwenye ncha za mbao na za fito. Kila ncha hupokea kijiti kimoja: mbao 2 zina ncha 4, fito 2 zina ncha 4, jumla 8. Hakuna cha ziada. Kilichobaki mkononi mwako kina tundu lake mahali fulani na tundu lile sasa ni tupu. Boliti kazi yake ni kuvuta mbao mbili zikutane, kijiti kazi yake ni kuzuia mbao isiteleze wala isijizungushe. Kiungo kisicho na kijiti kitashika wiki mbili tatu kisha kitaanza kulia.

Simamisha mbao zote mbili za kando na fito zote mbili kwenye fremu ya mgongo kwa pamoja. Fito hazina boliti, zinashikwa na vijiti tu. Ukizisahau mpaka fremu ya mbele ishakaa, huwezi kuzipenyeza bila kufungua upya, na hapo ndipo watu hutanua miguu kwa nguvu mpaka mbao ikapasuka. Kisha shusha fremu ya mbele juu yake kama mtu anayefunika sufuria, ukilenga vijiti vinne pamoja. Mtu wa pili wa kushika ni muhimu hapa kuliko popote. Huyo shemeji mpe kazi hii.

Sasa boliti kwa vidole, mizunguko mitatu minne kila moja. Ile isiyoingia kwa vidole haiingii kwa ufunguo. Itoe, cheza na mbao kidogo, ingiza tena.

Simamisha kiti. Mtu akibonyeze kwa viganja viwili pale kikalio kitakapokaa, awe amekigandamiza wima. Wewe kaza kwa kuvuka: nyuma kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto, kila moja mpaka ianze kuwa nzito tu. Chukua futi kamba, pima ndani ya fremu kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha pembe zile nyingine. Viti vingi ni vipana mbele na vyembamba nyuma, lakini vipimo hivyo viwili vya mshazari lazima viwe sawa. Tofauti ya milimita 2 au 3 yavumilika. Ikizidi, legeza nusu mzunguko, sukuma pembe ile yenye kipimo kirefu, pima tena. Ikitulia, zunguka mara ya pili ukikaza robo mzunguko baada ya kuhisi imeshika. Basi.

Kikalio ni cha mwisho kabisa, baada ya haya yote. Ukikitia mapema kitaishika fremu ikiwa imepinda, nawe utadhani imenyooka kwa sababu sponji imefunika kila kitu.

hesi_na_nati

Salamu kutoka Malindi. Patasi kamaliza habari ya fremu, mimi niongeze ya vyuma, maana hapo ndipo hasara ilipo.

Dada, itazame ile nati ya duara. Ni kama kipande cha kalamu, ina tundu lenye meno ubavuni, na kwenye ncha moja kuna mfuo kama wa skurubu ya bisibisi bapa. Mfuo huo hauko pale kwa urembo. Ndio unaokuonyesha tundu la ubavuni limeelekea wapi ukiwa umeshaizamisha ndani ya mbao. Tia nati mfuo ukiwa nje, uone, kisha izungushe kwa bisibisi bapa mpaka mfuo ulale sambamba na njia ya boliti. Zingine hutengenezwa mfuo ukikingama, kwa hiyo ishike moja mkononi kwanza uitazame kabla hujaizamisha. Ikigeuka hata kidogo boliti itagonga ubavu wa nati badala ya kuingia tunduni, au itaingia kwa upande. Kuuma mizunguko miwili na kukwama ni dalili yake kabisa. Boliti ikiwa yaingia, mwenzio aishike nati kwa bisibisi isizunguke.

Urefu nao. Boliti za 70 ni za nyuma, za 50 ni za mbele, kwa sababu mguu wa mbele umechimbwa ili kichwa cha boliti kizame ndani. Ukitia ya 50 nyuma, haifiki kwenye nati, utazungusha mpaka kesho. Ukitia ya 70 mbele, inapita nati na kugonga mwisho wa tundu: ufunguo unakuwa mzito, unadhani imekaza, kumbe kiungo bado kiko wazi. Ipime hivi: ikiwa boliti imekuwa nzito na ukucha bado unapenya kati ya mguu na mbao ya kando, simama hapo hapo. Hakuna nguvu itakayofunga pengo hilo, utakachopata ni meno kuliwa.

Washa: kutoka kichwani, kwanza ya springi, kisha bapa, kisha mbao. Bapa ndiyo inayogusa mbao. Ya springi ina ncha kali iliyokatwa, ikigusa mbao yenyewe huichimba kila unapokaza, na baada ya miezi miwili kichwa kimezama na boliti imelegea. Washa bapa 2 zilizobaki zina maana kuna boliti 2 ulizozitia bila bapa. Zitafute.

Drili ya umeme, hapana kwa boliti. Ukikaza kwa ufunguo wa L unahisi kwenye vidole meno yakishikana vibaya, na unasimama. Drili haihisi kitu, inapita na meno yote ya nati kwa sekunde moja. Ile ya kugonga ndiyo mbaya zaidi, hupasua mguu kwenye tundu. Kama shemeji lazima aitumie, basi kwa skurubu 4 za kikalio tu, kola (ile pete yenye namba inayopunguza nguvu ya drili) iwekwe namba ya chini kabisa, na mzunguko wa mwisho apige kwa mkono.

Ufunguo wa L wenyewe: kwa kukaza, shika mkono mrefu ukiingiza ule mfupi tunduni, hapo una nguvu. Kwa kuzungusha haraka mwanzoni, geuza. Ukiona unateleza ndani ya kichwa cha boliti, simama, ufunguo umechakaa pembe zake. Kata ncha milimita 2 kwa msumeno wa chuma au uisage kwa tupa, upate pembe mpya. Boliti za M6 zenye kichwa cha mviringo kilicholala huchukua ufunguo wa milimita 4, zile zenye kichwa kirefu cha silinda huchukua wa 5. Usijaribu wa 4 kwenye tundu la 5 ati kwa sababu unaingia.

mwamu_wa_shela

Mafundi wa mkangazi tunao hapa hapa, kiti cha ulimi na tundu hakina boliti wala karatasi ya michoro, nanyi mwaenda Mombasa kununua maboksi. Haya.

Lakini kabla ya kufungua kiti, pima sakafu kwanza. Nyumba za Mkomani sakafu zake zimeinuka na kushuka, hakuna iliyo sawa. Weka kiti, tazama mguu gani uko hewani. Kisha usikiondoe mahali pale, kizungushe robo tu, miguu ikanyage zile zile alama za mwanzo. Mguu ulio hewani ukiwa ni ule ule wa mbele kulia, kosa ni la kiti. Ikiwa sasa ni mguu mwingine lakini pahali ni pale pale, kosa ni la sakafu na kiti hakina hatia.

Na asikudanganye mtu ukate mguu. Ukikata milimita 3 leo, ukija kukaza vizuri kesho kiti kitatikisika upande wa pili.

binti_mkomani

Nimezungusha kama alivyosema mwamu, mguu ni ule ule. Kosa la kiti. Tunafungua baada ya swala ya alasiri.

Mawili nimeyakumbuka: vijiti vingine vimeingia kwa shida sana, viwili nilivigonga kwa nyundo. Na je, tutie gundi?

bwana_msasa

Usigonge tena. Vijiti ni vya mbao ngumu iliyokaushwa, na mbao kavu hunywa unyevu wa hewa kama sponji. Hapa pwani, boksi likishafunguliwa wakati wa masika, kijiti cha milimita 8 kinaweza kuvimba kidogo tu kikawa hakiingii kwenye tundu la 8. Mbao huvimba kwa unene, kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo urefu uache, shughulika na unene: kipande cha msasa namba 120, kizungushe kijiti ndani yake mara tano sita, jaribu. Kinachotakiwa ni kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba huku kikikataa kidogo. Kikidondoka chenyewe umekisaga mno.

Ile mifuo midogo kwenye ubavu wa kijiti usiimalize kwa msasa. Ndiyo njia ya hewa kutoka. Ukitia gundi nyingi ndani ya tundu kisha ukagonga kijiti kisicho na mifuo, gundi haina pa kwenda, inasukuma mbao kutoka ndani na mguu unapasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele. Hivyo viwili ulivyogonga, chunguza miguu kwenye mwanga wa dirisha. Pitisha ukucha ukikingama na mistari ya mbao. Ukinasa, kuna ufa. Mguu wenye ufa kwenye tundu la boliti usikaliwe, hata kama unaonekana mzima. Omba fremu nyingine kwa muuzaji.

Na ukikuta tundu lina unga wa mbao ulioganda chini, kijiti hakitazama chote na viungo havitakutana. Kigeuze kipande, kigonge kwa kiganja, unga udondoke. Pima: kijiti cha milimita 30 kinatakiwa kizame nusu yake, 15, na nyingine 15 ibaki nje. Kikitokeza 18, kuna taka ndani.

Gundi mimi ningetia. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya alama D3 ambayo haiyeyuki upesi kwa unyevu. Tone moja dogo ndani ya tundu, ulisambaze kwa njiti ya kiberiti. Futa inayotoka kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka, maana ikikauka juu ya rangi haitoki. Kisha kiti kipumzike saa 24 kabla mtu hajakalia.

patasi_kavu

Hapo kwenye gundi nisimame na bwana_msasa kidogo. Kwenye fito za chini, sawa, tia, hazina boliti. Kwenye mbao za kando usitie. Viungo vile vinakazwa kwa boliti, na boliti italegea tu, mbao za hapa hunywa maji wakati wa kusi na kukauka kaskazi ikiingia. Ukiwa huna gundi, unakaza robo mzunguko na kiti kimekuwa kipya. Ukiwa na gundi, kiungo kimeganda mahali kilipo, boliti inalegea ndani na wewe huwezi kukivuta kikutane tena. Na siku utakapohama nyumba, kiti hakifunguki.

Jambo jingine limenipita mwanzo. Mbao za kando zina kulia na kushoto. Upapi wa ndani uwe chini ya usawa wa juu wa mbao, na matundu ya nati yaelekee ndani ya kiti, yasionekane ukisimama kando. Ukiyaona kutoka nje, mbao zimebadilishana. Kiti kitaungika hivyo hivyo lakini matundu ya skurubu za kikalio hayatakuwa mahali pake.

Sasa skurubu ya 40. Jibu ni hapana, na hesabu yake ni rahisi. Upapi pima unene, mara nyingi ni milimita 25. Ubao wa plaiwudi chini ya sponji huwa 12. Skurubu ya 35 inapita 25 ya upapi, inauma 10 ndani ya plaiwudi, imebaki 2. Ya 40 inauma 15 kwenye ubao wa 12. Ile 3 inayobaki imo ndani ya sponji, na siku sponji ikilala itamchoma mgeni pasipo neno. Ukiwa huna nyingine, tia washa mbili nene chini ya kichwa cha hiyo ya 40 mpaka zilingane milimita 5, au ungoje upate ya 35. Usikae na skurubu tatu ukidhani zatosha, kikalio kitajinyanyua pembe moja na kumbana mtoto vidole.

Skurubu za kikalio ziingizwe zote nne nusu kwanza, kisha zikazwe, kwa sababu ile ile ya boliti. Zikianza kuzunguka bure, tundu limeliwa: toa, chomeka njiti mbili za kiberiti zilizopakwa gundi, kata sawa na uso, ngoja ikauke, ingiza skurubu tena kwa mkono.

Kujaribu: usikae moja kwa moja. Bonyeza kikalio kwa mikono miwili, ukiegemea na uzito wako, pembe moja baada ya nyingine, usikilize. Mlio mkavu kama kijiti kuvunjika ni ufa. Kunong'ona tu ni mbao zinasuguana, kaza. Kisha kaa polepole, miguu yako yote chini. Halafu egemea nyuma taratibu, miguu minne ya kiti ikiwa bado chini. Watoto wakatazwe kubembea kwa miguu miwili ya nyuma. Pale mtu anapobembea, uzito wote unakwenda kwenye boliti za nyuma kwa mkono mrefu wa egemeo, na viti hivi hukatika hapo hapo, kwenye mguu wa nyuma usawa wa kikalio. Wala kisitumiwe kupandia kubadilisha taa.

Mifuko ya plastiki na vile vipakiti vya kukausha unyevu viondoe chumbani mkianza kazi tu, kama kuna mtoto mdogo. Nati ya duara nayo ni kipimo cha koo la mtoto. Vyuma vyote vikae ndani ya sinia moja.

hesi_na_nati

Kuongeza kidogo juu ya kulegea: rudia kukaza baada ya wiki mbili, halafu kila upepo ukigeuka, yaani mara mbili kwa mwaka. Hata Malindi ni hivyo.

Na kutu. Boliti za boksi zimepakwa zinki nyembamba. Kwenye hewa ya chumvi huanza kutoa unga mweupe, kisha wekundu. Kabla ya kuziingiza, paka meno mafuta ya mgando kidogo tu. Hayazuii kukaza, na mwaka ujao boliti itafunguka badala ya kukatika kichwa.

binti_mkomani

Ripoti. Tumefungua chote. Mbao za kando zilikuwa zimebadilishana, matundu ya nati yalikuwa nje, kama alivyosema patasi_kavu. Na tundu la kijiti limepatikana: ile stika ya herufi B kwenye mguu wa nyuma imebandikwa juu yake, imelifunika lote. Nilikuwa nimeona mbao ina tundu na mguu hauna, nikadhani kosa la kiwanda. Viti vingine vitatu navyo stika zimekaa vivyo hivyo, nimezibandua zote na kuandika herufi kwa penseli kwa ndani.

Tumeunga upya kwa vidole, tukakaza kwa kuvuka, vipimo vya mshazari vimetofautiana milimita 1. Miguu yote minne chini, sakafuni na juu ya kipande cha plaiwudi vilevile. Hakuna ufa niliouona.

Ila ile boliti niliyoilazimisha imeshaliwa meno karibu na ncha, na nati yake pia haipokei boliti nyingine vizuri. Duka la vyuma hapa wamenipa boliti wanayosema ni sawa. Kwa macho ni ile ile. Niitie?

hesi_na_nati

Usiitie bado. Madukani kuna boliti za robo inchi, na ukiziweka kando ya M6 huwezi kuzitofautisha kwa macho. Robo inchi ni milimita 6.35, na meno yake ni 20 kwa inchi, yaani kutoka jino hadi jino milimita 1.27. M6 ya kawaida ni milimita 1 kamili. Ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili mitatu kisha itasaga nati nyingine, utarudi pale pale.

Njia ya kujua bila kifaa: chukua nati moja nzima kutoka kwenye mfuko wa kiti kingine, izungushe juu ya boliti mpya kwa vidole viwili. M6 itateremka mpaka mwisho bila kuguna. Robo inchi itakataa mwanzoni. Au ziweke boliti mbili ubavu kwa ubavu, meno yaumane, uzielekeze kwenye mwanga. Zikiumana bila mwanya kwa urefu wote, ni sawa. Ukiona mwanga unapita katikati, rudisha dukani.

Nati ya duara iliyoliwa usiihangaikie. Itoe kwa kuisukuma kutoka upande wa pili na kijiti, au kama haina upande wa pili, toa boliti, kigeuze kipande tundu likiwa chini, kigonge kwa kiganja mpaka idondoke. Waombe ya M6 yenye kipenyo cha milimita 10. Pima yako kwanza, maana zipo za 12 na haziingii. Kama dukani wana zile za chuma kisichoshika kutu, chukua hizo na boliti zake, za nyuma zote nne kwa pamoja, uzihifadhi zile za zinki zilizo nzima kuwa akiba ya viti vingine.

binti_mkomani

Nimezishika kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga wapita. Narudi dukani kesho asubuhi, kiti nimekigeuza juu chini mtu asikikalie.